Nondo Juu ya Kaburi

Katika uwanja wa kanisa la Greyfriars, mjini Edinburgh, yako makaburi machache yaliyofunikwa kwa chuma. Si msalaba wala ua wa urembo. Ni nondo nene zilizosimikwa ardhini pande zote nne na kuunganishwa kwa juu, mfano wa zile tunazofunga madirishani Dar es Salaam kwa kuogopa wezi. Usiku mmoja wa Oktoba, mvua imetoka kukatika na majani yaliyooza yakinata kwenye viatu, tulisimama mbele ya kaburi moja la namna hiyo, sisi kundi la wanafunzi tuliokata tiketi ya kutembezwa kwenye makazi ya mizimu. Mwanamke mwenye joho jeusi, aliyetuongoza kutoka barabara kuu ya mji mkongwe, aliinua taa yake akauliza: mnadhani chuma hiki kiliwekwa kwa ajili gani? Mmoja wetu akawahi kujibu kwamba ni kuwazuia wafu wasitoke. Tukacheka, kicheko kile cha watu wanaotiana moyo gizani. Kiongozi wetu akangoja kicheko kiishe, kisha akasema kwamba kiliwekwa kuwazuia walio hai wasiingie.

Jibu hilo lilinikaa. Matembezi yaliendelea, hadithi zikafuatana, mahali fulani kijana aliyejificha nyuma ya jiwe la kaburi akaturukia na sote tukapiga ukelele, lakini fikira zangu zilibaki kwenye zile nondo. Nimelelewa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako wafu hawakai mbali na nyumba. Babu na bibi wamelala kihambani, hatua chache kutoka jikoni, chini ya migomba ileile tunayokata mikungu yake, na pembeni mwa makaburi yao pamepandwa masale. Masale ni mmea laini. Mtoto anauruka, mbuzi anaupenya. Haukupandwa umzuie mtu. Mchagga akimpelekea aliyemkosea jani la masale anaomba msamaha, na ombi hilo ni zito mno kukataliwa. Ukipandwa kaburini au mpakani unasema tu kwamba hapa pana mtu, pita kwa heshima. Zamani, kabla Ukristo haujaenea mlimani, wazee wetu walikuwa wakiifukua mifupa ya mkubwa wa nyumba baada ya kukaa ardhini kwa muda wake, wakaihamishia mahali pa ukoo humohumo mgombani. Kwa hiyo kufukua maiti si jambo geni kwetu, wala peke yake si ovu. Waliomfukua walikuwa wanawe. Mikono iliyoishika mifupa yake aliwahi kuishika yeye, ilipokuwa ikijifunza kutembea na jembe.

Edinburgh ya miaka ya 1820 ilisifika kwa elimu ya udaktari. Vijana walimiminika kutoka kila upande kuja kujifunza namna mwili ulivyoumbwa, na kila mmoja alihitaji mwili wa kupasua. Sheria ilitoa miili michache tu, hasa ya wauaji walionyongwa. Pengo lililobaki lilijazwa na watu wa usiku, waliofukua jioni waliozikwa asubuhi na kuwafikisha mlango wa nyuma wa shule za tiba kabla hakujapambazuka. Kule London walikuwa waangalifu kuiacha sanda kaburini, kwa kuwa sanda ilihesabiwa kuwa mali na kuichukua ni wizi, ilhali maiti yenyewe haikuwa mali ya mtu yeyote. Maiti haulizwi sanda, tunasema sisi, tukimaanisha kwamba aliyeshindwa na jambo hana tena la kuchagua. Hawa hawakuulizwa hata kaburi.

Ndipo familia zenye uwezo zilipoanza kukodi chuma. Kiliwekwa juu ya kaburi kwa majuma kadhaa, mpaka mwili uharibike kiasi cha kutomfaa mwalimu yeyote, kisha kikahamishiwa kwa maiti mwingine. Wasio na uwezo walikesha. Nimewafikiria sana hao waliokesha, kuliko mzimu wowote niliosimuliwa usiku ule. Kwetu kukesha ni kwa pamoja: watu wamejaa uani, moto unawaka, wanawake wanaimba, wanaume wanazungumza mambo ya mashamba ili mfiwa asibaki peke yake na mawazo yake. Yule baba wa Edinburgh alikesha makaburini, taa mkononi, katika baridi ya nchi ile isiyosikiliza koti, usiku baada ya usiku, akingoja mtoto wake aoze. Kuoza ndiko kulikokuwa usalama wake. Mzazi anaomba udongo ufanye haraka. Hakuna mwenye joho aliyewahi kunisimulia jambo la kutisha kuliko hilo, na ndani yake hamna mzimu hata mmoja.

Kufa kufaana. Methali hiyo kwetu husemwa kwa sauti ya chini, mtu akirithi shamba au akipata kazi iliyoachwa wazi na marehemu; inakiri jambo ambalo hakuna anayelifurahia. Mwishoni mwa mwaka 1827, mzee mmoja mstaafu wa jeshi alifariki katika nyumba ya kupanga ya mtaa wa West Port, akiwa anadaiwa kodi ya pauni 4. Mwenye nyumba, William Hare, na rafiki yake William Burke, wote wahamiaji kutoka Ireland, walilijaza jeneza magome ya mti na kuupeleka mwili kwa Dk. Robert Knox, mwalimu wa anatomia aliyekuwa na mamia ya wanafunzi. Walilipwa pauni 7 na shilingi 10. Deni likalipika, na wao wakaona kwamba si lazima kungoja mtu afe. Hadi Oktoba 1828 walikuwa wameua watu 16, wengi wao maskini, wageni, wanawake walevi, watu ambao kukosekana kwao kusingemfanya mtu agonge mlango wa polisi. Walilipwa pauni 8 wakati wa joto na pauni 10 wakati wa baridi, maana baridi huhifadhi. Wa mwisho, mwanamke wa Kiayalandi aliyeitwa Margaret Docherty, aliuawa usiku wa tarehe 31 Oktoba, usiku ambao Waskoti wamekuwa wakisimuliana habari za mizimu tangu kale.

Lakini yuko mmoja aliyejulikana. James Wilson alikuwa kijana wa mitaani, mwenye miguu yenye kilema na akili ya kitoto, na mji mzima ulimfahamu na kumpenda. Inasimuliwa kwamba alipofunuliwa juu ya meza ya Knox, wanafunzi walimtambua wakamtaja kwa jina, na mwalimu akakana, kisha akaharakisha kumpasua. Nilikuwa nimesimama katikati ya wanafunzi wenzangu niliposikia hayo. Mmoja wao, kijana wa Lamu anayesomea udaktari, alikuwa ametutania njia nzima, hapo alinyamaza. Hatukuhitaji kuambiana. Miili ile ilikuwa inanunuliwa kwa ajili ya watu kama sisi, waliotoka mbali, waliolipiwa karo na wazazi wao, wenye hamu ya kujua. Kati ya wale waliomtambua James, wapo waliorudi bwenini wakala chakula cha jioni. Wapo walioandika madokezo ya somo la siku ile. Pengine walikuwa madaktari wema baadaye na waliokoa watoto wa watu. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya umati mkubwa, naye akapasuliwa hadharani, na mifupa yake ingali katika jumba la anatomia la chuo kikuu cha mji huo. Hare alitoa ushahidi dhidi ya mwenzake akaachiwa. Knox hakushitakiwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1832, bunge lilipitisha sheria ya anatomia. Iliwaruhusu walimu kuchukua miili isiyodaiwa na mtu, na miili isiyodaiwa ilipatikana zaidi katika nyumba za kuhifadhi maskini. Biashara ya usiku ikafa, chuma kikaondolewa juu ya makaburi au kikaachwa kishikwe na kutu, na maskini wakaanza kuogopa kufia katika nyumba hizo kuliko walivyoogopa njaa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sheria hii ilichukua nusu ya kwanza ya methali. Kiongozi wetu aliipita kwa sentensi moja, nami simlaumu, kwa kuwa watu hawakati tiketi ya usiku kwenda kusikiliza vifungu vya sheria. Hata hivyo naamini hapo ndipo palipokuwa na giza nene kuliko pote tulipopita.

Alitukawiza zaidi kwenye kaburi la George Mackenzie, mwanasheria wa mfalme katika karne ya 17, jengo la duara lenye kuba, ambalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 linavumishwa kuwa na mzimu mkali unaokwaruza watu na kuwaangusha. Mackenzie aliwatesa Wakovenanti, Waprotestanti waliokataa mfalme awe na amri juu ya kanisa lao. Mwaka 1679, baada ya kushindwa vitani, wapatao 1,200 walifungiwa uwanjani, karibu na pale alipozikwa yeye baadaye, wakalala nje kwa miezi. Zaidi ya 250 waliobaki walipakiwa merikebuni wapelekwe makoloni ya Amerika; merikebu ikavunjika Orkney mwezi Desemba, wakiwa wamefungiwa chini ya sitaha, na zaidi ya 200 wakafa maji. Msikilizaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa maana ya watu kufungiwa chini ya sitaha. Kinachonisumbua ni kwamba mzimu unaovuta watalii ni wa mtesaji. Aliogopwa akiwa hai na anaogopwa akiwa mfu. Wale 200 hawakwaruzi mtu, basi hawana hadithi. Wana mnara wao huko Orkney, mbali na njia ya matembezi.

Nilisema kwamba Knox hakushitakiwa. Kisa chake kwa kawaida huishia hapo, au huishia kwa umati kuchoma sanamu yake nje ya nyumba yake, na mimi nilikuwa naujua mwanzo na mwisho wake kutoka upande mwingine. Kabla ya kuwa mwalimu maarufu alikuwa daktari wa jeshi kule Rasi ya Tumaini Jema, kuanzia 1817 hadi 1820, wakati wa vita dhidi ya Waxhosa, na huko alipasua na kuchunguza miili ya Waafrika. Baada ya kashfa, umaarufu wake ulipofifia Edinburgh, alizunguka akitoa mihadhara, na mwaka 1850 akachapisha kitabu The Races of Men, akidai kwamba nasaba ndiyo inayoamua historia yote ya binadamu na kwamba watu weusi wameumbwa kushindwa. Mtu yuleyule. Aliyemtazama James Wilson akaona anatomia ndiye aliyetutazama sisi akaona daraja la chini. Tulipofika mwisho wa safari na kiongozi akaruhusu maswali, nilimweleza hayo. Hakukasirika. Alisema amekuwa akiimalizia hadithi hii kwenye kamba ya Burke kwa muda mrefu na hakuwahi kujiuliza daktari alikwenda wapi. Kisha akauliza kama mafuvu ya watu wa kwetu pia yalichukuliwa, na nikashindwa nianzie wapi.

Ningeanzia Iringa. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Wakamkata kichwa, na fuvu likafika Ujerumani. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini kule Versailles mwaka 1919, ambako hakuwepo Mhehe hata mmoja, fuvu hilo liliandikwa katika kifungu cha 246 cha mkataba wa amani: Ujerumani iwakabidhi Waingereza ndani ya miezi sita. Ikapita miaka 35. Kati ya 1949 na 1952, Julius Nyerere aliposoma chuoni Edinburgh, akipita mitaa hiyohiyo na labda geti hilohilo la Greyfriars, fuvu alilolichagua baadaye Gavana Twining wa Tanganyika lilikuwa bado kwenye rafu ya makumbusho mjini Bremen. Lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Wapo wanaotilia shaka kama ni lenyewe. Nimewahi kusimama mbele ya sanduku lake la kioo, na shaka hiyo haikunipunguzia kitu; hata kama ni la mwingine, ni la mtu aliyetoka kwa watu wake akakaa ugenini bila kuitwa jina.

Halafu ningefika kwetu. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa mlima. Watu wake wanaonyesha mti hadi leo. Wanasema kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wamekitafuta kizazi kwa kizazi. Mjini Berlin, watafiti walipochunguza mafuvu yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, walikuta 1,135: zaidi ya 900 ni ya Rwanda, takriban 200 ni ya Tanzania, mengine ni ya Kenya. Edinburgh nayo ilikuwa na rafu zake, na mwaka 2019 chuo hicho kiliwakabidhi Wavedda wa Sri Lanka mafuvu tisa ya wazee wao. Nikizifikiria rafu hizo huwa nazirudia zile nondo. Wenye mji walijua kabisa thamani ya mtu kulala mahali pake. Waliijua kiasi cha kuichomelea chuma. Walipoijua hivyo kwa wafu wao, ilikuwaje wakapanda meli wakaisahau njiani? Sina jibu linaloniridhisha. Ninachokiona ni kwamba hata nyumbani kwao walikuwa wameshazoea kuisahau, kwa maskini wao wenyewe, mtaa mmoja tu kutoka pale walipokodi chuma.

Tulipokuwa tukirudi, tukiteremka kuelekea mabweni, yule ndugu yangu wa Lamu alivunja ukimya wake. Alisema katika mwaka wa kwanza wa masomo, siku ya kwanza ya kuingia chumba cha anatomia, mwalimu aliwaambia wasiguse kitu kwanza. Wasimame. Aliyelala mbele yao alikuwa amejaza karatasi akiwa mzima, mbele ya shahidi, akasema mwili wangu uwafundishe. Kila mwaka ndugu za watu hao hualikwa kwenye ibada ya shukrani, na wanafunzi huhudhuria. Hakuambiwa jina la mwalimu wake yule wa kimya, lakini alikadiria umri wake, akaona kovu la upasuaji wa zamani, akaona kucha zilizokatwa vizuri. Humwombea, alisema, ingawa hajui alikuwa wa dini gani. Mwenzetu mmoja Mskoti, ambaye alikuwa ameongea kidogo usiku ule, akasema bibi yake amejaza karatasi hiyo, na familia ililia, na bibi akawaambia wanyamaze, yeye ndiye mwenye mwili. Nikaona methali yetu ya sanda imepata wa kuijibu. Hawa wameulizwa, na wamejibu kabla hawajawa maiti.

Wakaniuliza kama ninaamini mizimu. Swali hilo huulizwa kila baada ya matembezi ya namna hii, na mtu hutarajiwa acheke au ajikune shingo. Niliwaambia kwamba nyumbani, mwezi Desemba, Wachagga wanaporudi mlimani kutoka kila kona ya nchi, mama hunituma nikang'oe magugu kwenye kaburi la babu kabla ya kunipa chai, na sijawahi kusikia mtu akiuliza kama babu yupo. Anayesumbua si yule mwenye kaburi na wajukuu wanaolipalilia. Kama kuna kinachotembea usiku, nadhani ni kile ambacho hakikupewa pa kukaa, na kinatembea ndani yetu sisi tuliobaki, katika kutafuta kwetu.

Na tunatafuta. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimeyapatia mafuvu matatu kutoka Kilimanjaro ndugu walio hai. Mojawapo ni la akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Watu wa familia waliambiwa kwamba jamaa yao, aliyetoweka wakati wa ukoloni, amepatikana katika kabati mjini Berlin. Mwezi Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Fuvu la Meli halijapatikana. Taasisi inayoyahifadhi yale mengine imetamka kwamba iko tayari kuyarudisha na inangoja kauli ya serikali zinazohusika. Nataka kauli hiyo itolewe. Nataka yarudi wakati wazee wa Old Moshi waliobeba habari hizi kutoka kwa baba zao wangali na nguvu za kupanda kilima, wao ndio waseme yalazwe wapi, na masale yawe yameshapandwa.